Lori Alilolishika Shehata

Koplo Wagdi Basili alikuwa amefika safu ya tisa ya fomu, panapotakiwa mchoro wa eneo la ajali. Alipiga magoti kwenye sakafu ya karakana akiwa na ubao wa kuandikia, rula na penseli mbili, moja ya mistari na moja ya vivuli. Alishachora kuta nne, mlango mkubwa wa bati, meza ya spana na pipa la oili chafu. Sasa alichora lori. Nyuma alilichora limekaa kwenye matairi yake. Mbele, ambako matairi yalikuwa yamefunguliwa, alilichora likiwa juu ya sakafu kwa sentimita sitini na mbili, kama lilivyokuwa. Chini ya sehemu hiyo hakuchora kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu.

Meja Ihab Shukri, mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi, aliinama nyuma ya bega lake.

"Jeki iko wapi?"

"Stoo ya vielelezo, afande. Imepigwa lakiri."

"Nakuuliza kwenye mchoro."

"Haipo, afande. Nachora kilichopo."

"Chora ilipokuwa, basi. Hatuwezi kumpelekea kanali lori linaloelea."

Wagdi akachora jeki kwa nukta, na pembeni akaandika kwa herufi ndogo: *haikuwepo wakati wa kuchora*. Meja akasoma, akatoa kifutio mfukoni mwake, akafuta maneno hayo taratibu bila kuchafua karatasi. Kisha akamrudishia ubao.

Ajali yenyewe haikuwa na utata. Ilitokea Jumatatu ya pili ya Ramadhani, asubuhi, katika karakana ya magari ya kikosi kimoja kilichoko jangwani, upande wa mfereji wa meli. Askari wa mujibu wa sheria Shehata Mihran, miaka ishirini na miwili, mtu wa kijiji kimoja karibu na Sohag, alikuwa amelala chali chini ya lori akifungua nati za giaboksi. Jeki, ambayo ilikuwa ikivuja oili tangu majira ya baridi, ilinywea mara moja. Lori likamshukia kiunoni na kwenye mapaja. Shehata akaweka viganja viwili kwenye fremu, akasukuma. Lori likapanda mpaka pale lilipokuwa kabla, likabaki.

Wenzake wakamvuta kwa kwapa. Walipomlaza kwenye machela mikono yake ilikuwa bado imeinuka, viganja vikitazama juu, vidole vimetanuka. Wakamwambia ashushe. Akasema hapana, lori bado liko juu. Wakageuka kutazama, wakaona kweli liko juu. Wakampakia hivyo hivyo kwenye gari la wagonjwa, wakampeleka hospitali ya mjini, kilomita arobaini. Huko alipasuliwa nyonga huku mikono imeinuka, na daktari akaandika kwenye jalada kwamba mikono haina jeraha.

Karakana ikazoea ndani ya siku tatu. Giaboksi ilikuwa lazima itoke, kwa kuwa jenerali angekuja kukagua magari baada ya Idi, na lori lile lilikuwa kwenye orodha. Kwa hiyo kila siku saa moja na nusu asubuhi, Sajini Meja Metwalli, msimamizi wa karakana, alipiga simu wodini na kuzungumza na Nesi Insaf.

"Amelala kwa saa ngapi?"

"Amelala saa nne. Asubuhi amekunywa supu."

"Mikono?"

"Iko juu."

Metwalli aliweka simu, akaandika kwenye daftari, akawageukia vijana wanne waliokuwa wakingoja. "Amelala saa nne. Ingieni."

Nao waliingia. Darwish, fundi wa giaboksi baada ya Shehata, alikuwa wa kwanza kuteleza chini na wa mwisho kutoka. Alikuwa mtoto wa mjini, Mkairo wa mtaa wa watengeneza sufuria, na kwake watu wa Saidi, wa huko kusini kama Shehata, walikuwa mzaha wa kila siku.

"Hawa Wasaidi," alisema akiwa chini ya lori, uso karibu na fremu, "kitu wakishashika, basi tena. Mwaka jana nilimwazima Shehata kiberiti. Mpaka leo."

"Mshukuru Mungu hakukurudishia," alisema mwenzake aliyekuwa akimpa spana. "Angekurudishia na lori leo."

Walicheka kidogo, kwa sababu walikuwa wamefunga na midomo ilikuwa mikavu.

Siku ya pili baada ya ajali Metwalli alikuwa ameleta mataruma mawili, magogo ya kulazia reli, kutoka njia ya zamani nyuma ya kambi. Aliyapanga mwenyewe chini ya ekseli, moja juu ya jingine, yakaenea vizuri. Meja Ihab alipofika akaamuru yatolewe. Kanuni ilisema eneo la ajali lisiongezwe kitu wala kupunguzwa kitu mpaka faili lifungwe.

"Na hawa vijana, afande?" aliuliza Metwalli. "Nao hawakuwepo pale siku ile. Wameongezwa."

Meja alifikiri. Hakuwa mtu wa kupuuza swali. Alifungua kitabu cha kanuni, akasoma kifungu chote mpaka mwisho, akakifunga.

"Kanuni inataja vitu, Metwalli. Watu haijawataja."

Mataruma yakatolewa. Metwalli, aliyebakiza miezi mitatu astaafu, alisaini kwamba yametolewa.

Wagdi aliandika yote hayo. Alikuwa karani wa karakana kwa miaka sita na mashine yake ya taipu ilikuwa na herufi moja tu mbovu. Hakupenda kuharakisha kumhukumu mtu. Lakini kwenye kabati lake, rafu ya pili, kulikuwa na kitu ambacho kamati haikukiuliza: fomu tatu za kifaa kibovu, zote zimejazwa na Shehata kwa mwandiko wa mtu aliyechelewa kwenda shule. Ya kwanza ilikwenda brigedi na haikurudi, nakala tu ndiyo iliyobaki. Ya pili ilirudi na swali la wino mwekundu: *inavuja kiasi gani?* Ya tatu haikuondoka pale ofisini. Wagdi mwenyewe aliizuia hapo, kwa sababu safu ya namba ya kifaa ilikuwa tupu.

"Namba imeliwa na oili, bwana karani," Shehata alikuwa amemwambia siku ile, mwezi Januari. "Nimesugua na mafuta ya taa, nimesugua na mchanga. Haisomeki."

"Bila namba haipokelewi huko juu. Watanirudishia mimi."

"Sawa. Nitasugua tena."

Wagdi alikuwa hajakosea. Fomu isiyo na namba kweli ilikuwa haipokelewi. Siku ya tano baada ya ajali alizitoa fomu zote tatu, akazipanga kwa tarehe, akazipeleka kwa Meja Ihab pamoja na mchoro. Meja alizisoma zote. Kisha akazirudisha juu ya meza upande wa Wagdi.

"Ya kwanza ni nakala, haina mhuri wa mapokezi. Ya pili ina swali ambalo halijajibiwa. Ya tatu haijakamilika. Unaona mwenyewe."

"Naona, afande."

"Hakuna fomu hapa. Kuna karatasi."

Siku ya tisa maelezo ya majeruhi yakawa tayari. Yalikuwa mistari mitatu, Wagdi aliyachapa kwa kaboni nakala tano: *Mimi niliyetajwa hapo juu simtuhumu mtu yeyote kwa lililonipata, wala sitaki uchunguzi zaidi.* Hayo ndiyo maneno ambayo kila aliyeumia kambini aliyawekea dole gumba, tangu aliyekatwa kidole na feni mpaka aliyemwagikiwa na sufuria ya maharage jikoni. Bila maneno hayo faili lilibaki wazi, na faili likibaki wazi kamati ililazimika kumtafuta mwenye kosa, na ajali ikiwa na mtu mmoja tu chini ya lori, mwenye kosa hakuwa mbali. Shehata angeshtakiwa kwa uzembe mara tu atakapoweza kukaa.

"Akiweka dole, hakuna kesi," alisema Meja. "Nampenda kijana huyu, usidhani simpendi."

"Faili likifungwa, afande, mataruma yanaweza kurudi?"

"Faili likifungwa, pale si eneo la ajali tena."

Wagdi alilichukua jibu hilo kama lilivyosikika.

Kesho yake alipanda gari la mkate mpaka mjini. Alikuwa na bahasha, kidau cha wino, na kopo la biskuti za sikukuu alizopewa na Metwalli, ambaye mkewe alishaanza kuoka. Wodi ilikuwa na vitanda vinane. Cha Shehata kilikuwa dirishani. Mikono yake ilikuwa imenyooka juu kama ya mtu anayepokea beseni kutoka darini, na mishipa ya shingo imesimama. Dripu waliichoma mguuni. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Sohag na treni, akakaa siku mbili akimsugua viwiko kwa mafuta ya moto, kisha akarudi, kwa sababu nyati wake alikuwa karibu kuzaa na hapakuwa na mtu wa kumwachia.

"Karibu, bwana karani," alisema Shehata. "Umeleta nini?"

"Biskuti. Sajini Meja amekutumia."

"Ningepokea, ila unaniona."

Daktari alikuwa amemkataza kufunga. Wagdi akamega biskuti akamtia mdomoni, akangoja atafune, akamega tena. Sukari ya unga ilimwangukia kidevuni, na Wagdi akaipangusa kwa leso.

"Nani yuko chini sasa hivi?"

"Darwish na wenzake watatu."

"Darwish anapiga nyundo vibaya. Mwambie nati ile ya nyuma haitaki nyundo, inataka oili na subira. Kila akipiga naisikia viwikoni."

"Nitamwambia."

"Mwambie na kiberiti chake nimekiweka kwenye sanduku langu. Asije akanitangaza kambi nzima."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba maji, Nesi Insaf akampa, akapita na kumfuta Shehata jasho la paji la uso bila kusimama, kama mtu anavyofuta meza aliyoizoea.

"Saa nane mchana tunatoka wote," alisema Wagdi. "Chini ya lori hakuna mtu mpaka asubuhi. Ungeachia saa hizo. Polepole. Lingekaa chini, nawe ukapumzika."

"Nimeshafikiri hilo. Asubuhi watalipandisha kwa kifaa gani?"

Wagdi alifunika kopo la biskuti.

"Jeki ni moja tu karakana nzima," alisema Shehata. "Wataitoa huko mlikoifunga, wataipiga mhuri mgongoni, wataleta ile ile. Mimi naijua. Inaanza kwa kulia kidogo, kama mlango, halafu hailii tena. Afadhali mimi."

"Utaweza mpaka lini?"

"Sijui. Kidole kidogo cha kushoto sikisikii tangu juzi."

Ndipo Wagdi akatoa bahasha, akamsomea ile mistari mitatu. Akamweleza kuhusu kesi, na kuhusu mataruma. Shehata alisikiliza akitazama dari.

"Nikiweka dole, wanasema sikuumizwa na mtu."

"Ndiyo."

"Na jeki wanasemaje?"

"Haimo kwenye karatasi hii."

"Na mataruma utaweka wewe mwenyewe? Si kumwambia mtu. Wewe."

"Nitayaweka mwenyewe."

"Basi leta."

Mkono haukuweza kushuka kwenye karatasi, kwa hiyo ilibidi karatasi iupandie mkono. Wagdi alipanda juu ya kiti, akapaka wino kwenye dole gumba la kulia, akaweka nakala ya kwanza juu ya sinia la dawa na kuibana dhidi ya dole. Akafanya hivyo mara tano. Mara ya tatu mkono ulitikisika, na alama ikatoka na mkia. Akaiacha, kwa kuwa ilisomeka. Saa hiyo hiyo, kama Metwalli alivyoandika katika daftari lake, saa tano na dakika kumi, lori lilishuka nusu kidole. Darwish aligeuza shavu upande na kuendelea kufungua.

Faili lilifungwa Alhamisi. Meja Ihab alilisoma kwa sauti mbele ya wajumbe wawili wa kamati, naye Wagdi akafuatilia kwenye nakala. Kifungu cha sita kilisema majeruhi hamtuhumu mtu. Kifungu cha saba kilisema kamati imeliona gari kwa macho yake likiwa limesimama imara bila jeki kwa muda wa siku kumi na moja, na kwa hiyo, kwa kuwa gari hilo halihitaji jeki kusimama, jeki haiwezi kuwa chanzo cha kushuka kwake. Kifungu cha nane kiliirudisha jeki kazini ikiwa nzima. Wajumbe wakasaini. Mhuri ukapigwa mara tano.

Wagdi alikuwa ameshayaleta mataruma mpaka mlangoni kwa mkokoteni.

"Ya nini hayo?" aliuliza Meja.

"Faili limefungwa, afande. Si eneo la ajali tena."

"Sawa kabisa. Sasa ni karakana. Na karakana ina kanuni zake: gari linashikiliwa kwa kifaa kilichotolewa na stoo. Taruma halikutolewa na stoo." Alisema bila ukali, kama anayemkumbusha mtu alichokisahau. "Jeki mnayo. Nimewarudishia leo hii."

"Jeki ni mbovu, afande."

"Una fomu?"

Jeki iliyorudi ilikuwa imefutwa vumbi na kupakwa rangi nyekundu mpya. Vijana wakaiweka chini ya ekseli kwa ajili ya ukaguzi. Haikugusa lori. Kati ya kichwa chake na ekseli palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Metwalli aliizunguka mara moja, akaingiza vidole vyake viwili kupima, akavitoa.

"Nilikuwa nangoja mataruma," alimwambia Wagdi. "Umeniletea jeki."

"Nilidhani, Sajini Meja."

"Najua ulidhani, mwanangu. Hata mimi nilidhani." Akavuta mkokoteni mwenyewe mpaka nyuma ya ukuta, mahali ambapo mtu angeuona kama angeambiwa autazame. "Ningekuwa kijana ningeyaweka na liwalo liwe. Lakini nina mabinti wawili hawajaolewa, na miezi mitatu."

Wagdi hakumlaumu. Yeye hakuwa na binti hata mmoja, wala hakuyaweka.

Jumamosi Nesi Insaf ndiye aliyepiga simu, kabla ya saa moja na nusu. Metwalli alisikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alisema "ndiyo" mara nne na "Mungu atakulipa" mara moja. Vijana walikuwa wamesimama na spana zao.

"Amelala kwa saa ngapi?" aliuliza Darwish.

"Hakulala."

"Na mikono?"

"Iko juu. Kidole kidogo cha kushoto kimeanza kukunja."

Walilitazama lori. Nafasi juu ya jeki ilikuwa ya kidole kimoja na kitu. Giaboksi ilibakiza nati tatu, na ofisi ya mkuu wa kikosi ilikuwa imeshauliza mara mbili.

"Ingieni," alisema Metwalli. "Ila msipige nyundo."

Darwish alivua saa yake, akaiweka mezani, akalala chali na kuteleza chini. Wenzake wakamfuata. Kwa muda ilisikika spana tu, na mtu akinong'ona, "Oili. Ongeza oili. Ipe subira."

Wagdi alirudi ofisini. Kwenye kabati, rafu ya chini kabisa, ilikuwepo fomu ambayo hakuwahi kuitumia tangu aanze kazi, fomu ya hatari ambayo haijatokea. Ilikuwa na safu kumi na nne. Alipiga simu brigedi kuuliza inapelekwa kwa nani. Karani wa huko, sauti ya mtu mwenye njaa na ya kirafiki, akamwambia inajadiliwa na kamati ile ile ya uchunguzi, ambayo wajumbe wake wameshakwenda likizo ya sikukuu, na itakaa wiki ya pili baada ya Idi.

"Ni ya haraka," alisema Wagdi.

"Andika juu 'ya haraka'. Lakini usitumie wino mwekundu, huo ni wetu."

Akaweka karatasi na kaboni kwenye mashine, nakala tano, akaandika juu kwamba ni ya haraka. Alichapa polepole, akisoma kila safu mara mbili. Aina ya hatari: kushuka kwa gari. Mahali: karakana. Idadi ya watu walio hatarini: wanne. Alipofika safu ya sita, *kinachoizuia hatari kwa sasa*, alichapa jina la Shehata Mihran, cheo chake, kitanda chake na wodi yake. Safu ya saba iliuliza kinachoizuia hatari kitadumu kwa muda gani. Alikaa nayo mpaka king'ora cha saa nane kilipolia. Kisha akaiacha karatasi ndani ya mashine, akaifunika mashine kwa kitambaa chake, akafunga kabati.

Vijana walikuwa wametoka chini ya lori na walikuwa wakinawa mikono kwa mafuta ya taa. Nati moja ilikuwa imefunguka, mbili zilibaki za Jumapili. Metwalli alikuwa ameshaingia kwenye basi. Wagdi alipita katikati ya karakana, akasimama mbele ya lori, akaangalia nyuma kama kuna mtu. Akaingiza kiganja chake chini ya bampa na kusukuma juu. Chuma kilikuwa na joto na kilitetemeka kidogo, kama ukuta wa nyumba treni inapopita mbali. Akasukuma kwa nguvu zake zote, mpaka mabega yakamuuma. Uzito wowote hakuusikia. Wote ulikuwa umeshachukuliwa.

Basi lilipiga honi mara mbili. Akatoa mkono, akaufuta kwenye suruali, akaenda.